MVUA YETU HUANZIA BAHARINI

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu.)



Ndugu Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumzie mipango ya maendeleo. Nilimjibu kwamba nyaraka za mipango ni nyingi kuliko wasomaji wake, nikaomba ruhusa nizungumzie mvua. Si kwamba mimi ni mtaalamu wa hali ya hewa. Nilisoma jiografia Chuo Kikuu, na tangu hapo kazi yangu imekuwa mipango ya wilaya. Lakini katika kazi hiyo mvua imenifundisha mambo mawili matatu, na moja nililipata kwa aibu. Nitalieleza bila kulificha.

Wenzangu wa Kidato cha Tatu cha 1997 mtakumbuka vuli ya mwaka ule. Klabu ya Jiografia ilikuwa na kipimamvua pale nyuma ya bwalo, na zamu ya Oktoba na Novemba ilikuwa yangu. Kazi yenyewe ni ndogo: kila siku saa 3 asubuhi unamimina maji katika chupa ya kupimia, unasoma, unaandika kitabuni. Kwa kawaida siku nyingi unaandika sifuri. Mwaka ule ilifika asubuhi nikakuta chombo kimejaa hadi kumwagika, nikasimama sijui niandike nini. Mwalimu aliniambia, "Andika ulichokiona." Nikaandika: kimefurika. Tuliporudi Januari mvua ilikuwa bado inanyesha, lori la unga halikufika kwa muda, na uji tulioupata siku zile wenzangu bado wananisimulia kwa majina ambayo hayafai mbele ya Ndugu Mkuu wa Shule.

Redio ilisema ni El Nino. Tangu siku hiyo neno hilo likaingia katika Kiswahili chetu likiwa na maana ya mvua kubwa. Hata leo mvua ikinyesha siku tatu mfululizo utasikia mtu sokoni akisema, "El Nino hiyo." Nakusudia kuonyesha kwamba hapo ndipo tulipokosea, na kwamba kosa hilo lina gharama.

Tuanze na jambo ambalo kila mtoto wa pwani analijua. Tembea ufukweni saa sita mchana bila viatu: mchanga unakuunguza, lakini ukitia mguu majini, maji ni yale yale ya asubuhi. Rudi usiku: mchanga umepoa, maji hayajapoa. Maji hupokea joto polepole na kuliachia polepole. Wataalamu wamepiga hesabu kwamba maji ya juu ya bahari, kina cha mita 3 hivi tu, yanaweza kuhifadhi joto sawa na hewa yote iliyo juu yake hadi mwisho wa anga. Kwa hiyo hewa husahau upesi. Upepo wa wiki iliyopita haupo tena. Bahari haisahau: joto lililoingia mwezi Juni linaweza kuwa bado lipo Novemba, nalo ndilo linaloamua mawingu yainuke wapi. Kama si uzito huu wa bahari, hakuna binadamu ambaye angeweza kusema lolote juu ya vuli akiwa mwezi Agosti.

Lakini bahari haitawali peke yake. Upepo husukuma maji, na maji kwa joto lake huamua upepo uvume kwenda wapi. Ni kama watu wawili waliobeba mzigo mmoja kwenye mti: mmoja akiyumba, mwenzake naye huyumba, na kuyumba kwake kunamzidishia yule wa kwanza.

Watu wa mwambao wanaijua kusi na wanaijua kaskazi, kwa kuwa majahazi yalikwenda na kurudi kwa pepo hizo. Vuli yetu huja kati ya pepo hizo, kusi ikiwa imekwisha na kaskazi haijashika. Wakati huo, mbali huko katikati ya Bahari ya Hindi, juu ya mstari wa Ikweta, upo upepo wa tatu ambao manahodha wetu hawakuwa na haja nao. Huvuma kutoka upande wetu kuelekea Indonesia. Husukuma maji ya juu, yaliyopata jua, yakajikusanye kwenye pwani ya Sumatra. Hewa iliyo juu ya maji hayo ya moto huinuka, huwa mawingu makubwa, na kunyesha huko. Kisha huko juu angani hewa hiyo hurudi magharibi na kushuka upande wetu ikiwa kavu. Hewa inayoshuka haifanyi mvua. Hii ni mojawapo ya sababu kwamba sisi tulio karibu na Ikweta hatuna misitu kama ya Kongo wala ya Borneo.

Sasa, baadhi ya miaka mzigo huyumba. Kuanzia katikati ya mwaka, upepo wa pwani ya Sumatra na Java huzidi nguvu, hufagia maji ya juu, na maji baridi ya chini hupanda. Maji yakipoa, hewa ya pale haiinuki tena kama zamani, na ule upepo wa kuelekea mashariki hulegea, mwisho hugeuka. Upepo ukigeuka, maji ya moto huanza kurudi upande wetu, na Sumatra huzidi kupoa, na upepo huzidi kugeuka. Ifikapo Septemba, Oktoba na Novemba, maji ya moto yapo kwetu na mawingu yapo kwetu. Desemba hivi, kaskazi inaposhika, mchezo wote hukoma, ila joto lililobaki majini linaweza kuendelea kutunyeshea hadi Januari. Mwaka 1999 N. H. Saji na wenzake, akiwamo Toshio Yamagata wa Japani, walieleza jambo hili katika jarida la Nature na kuliita Dipoli ya Bahari ya Hindi. Toleo lile lile lilikuwa na uchunguzi wa Peter Webster na wenzake waliofikia jambo hilo hilo.

Mwaka 1999! Na hapa nawageukia wazee wetu walioketi mbele. Ninyi mnakumbuka mwisho wa 1961, tulipopata Uhuru. Kenya hadi leo wapo wanaoyaita mafuriko ya mwaka ule mafuriko ya Uhuru. Ziwa Victoria lilianza kupanda, na hadi 1964 lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Ziwa lile lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 hivi. Kulipandisha kiasi hicho si kazi ya mvua ya mchezo. Vijiji vya kandokando vilihama, gati na mashamba vikamezwa. Basi, wataalamu walipokuja kutafuta sababu kwa kufuata ule mkondo wa mawazo wa El Nino, hawakuikuta, kwa kuwa 1961 haukuwa mwaka wa El Nino. Pasifiki ilikuwa imetulia. Kilichoyumba ni bahari yetu wenyewe. Tulikaa miaka 38 na fumbo hilo bila kuwa na jina lake.

Nisionekane nadharau El Nino. Ni jambo kubwa, na historia yake ni nzuri kwa ninyi vijana mnaochukia hesabu. Mwaka 1904 Mwingereza mmoja, Gilbert Walker, bingwa wa hesabu, alipewa uongozi wa idara ya hali ya hewa ya India, miaka michache baada ya njaa kubwa iliyotokana na kukosekana kwa mvua za 1899. Akawakalisha makarani wa Kihindi wakapige hesabu za mgandamizo wa hewa wa vituo vya dunia nzima, kwa mkono, miaka na miaka. Walikuta kwamba hewa inapokuwa nzito upande wa Pasifiki huwa nyepesi upande wa Bahari ya Hindi, na kinyume chake, kama bembea. Kwa nini, hakuweza kusema, na wengi hawakumjali. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes, Mnorwe aliyefanya kazi California, ndiye aliyeunganisha bembea hiyo na maji ya moto ambayo wavuvi wa Peru walikuwa wakiyaita El Nino kwa kuwa huja karibu na Krismasi. Bembea na maji yale ni kitu kimoja: hewa na bahari zikivutana.

El Nino inaweza kuisukuma dipoli yetu ianze. Mwaka 1997 zote mbili zilikuja pamoja, ndiyo maana kipimamvua changu kilifurika. Lakini si lazima zije pamoja, na hapo ndipo penye aibu yangu.

Mwaka 2015 El Nino ya Pasifiki ilikuwa kubwa, ya kulinganishwa na ile ya 1997. Mimi nilikuwa ofisa mipango katika wilaya moja yenye bonde na mto. Nilikuwa na kumbukumbu ya shuleni, na kumbukumbu ni mshauri mbaya inapokuwa moja tu. Nikazunguka vijijini na gari la Serikali kuanzia Septemba. Sikusema "huenda". Nilisema, "El Nino inakuja, hameni bondeni." Watu waliniamini kwa kuwa nilikuwa na gari, faili na digrii. Wapo waliouza mbuzi kwa bei ya kutupa. Wapo waliovuna mihogo haijakomaa. Wapo waliohamisha watoto shule. Vuli ikaja, ikanyesha ya kawaida, tena nzuri kwa mahindi, na wale waliokaidi wakavuna.

Nilikuja kuelewa baadaye. Mwaka ule Bahari ya Hindi ilikuwa na joto karibu pande zote, Sumatra na kwetu. Tofauti ya kugeuza upepo ilikuwa ndogo na ikatoweka mapema. El Nino ile ile, mwaka ule ule, ilileta ukame Ethiopia hata watu zaidi ya milioni 10 wakahitaji msaada wa chakula, na ukame Kusini mwa Afrika. Basi jina moja, huku ukame, kule mafuriko, na kwetu mvua ya kawaida. Neno hilo haliwezi kuwa jina la mvua.

Ikaja 2019. Pasifiki haikuwa na El Nino ya kuzungumziwa wakati wa vuli. Taarifa ya msimu ilifika mezani kwangu, nikaisambaza kwa barua kama utaratibu unavyodai, wala sikutoka ofisini. Nilijiambia, hakuna El Nino, hakuna neno. Na isitoshe nilikuwa naogopa kuchekwa mara ya pili. Kumbe Oktoba ile tofauti ya joto kati ya upande wetu na upande wa Sumatra ilikuwa imepita hali ya kawaida kwa zaidi ya nyuzi 2 za Sentigredi, dipoli kubwa kuliko zote zilizoonekana kwa miaka mingi. Upande wa pili wa bahari, Australia ilikauka na misitu yake ikaungua hadi Januari. Upande wetu mto ulipanda usiku. Sitasimulia yote. Daraja lilikwenda, na ghala la kijiji, na nyumba za waliokuwa wamerudi bondeni.

Nilipofika, bibi mmoja aliyekuwa akianika magodoro juu ya ua alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Bwana Mipango, mwaka ule ulitukimbiza bure. Mwaka huu umetunyamazia." Nikamjibu, "Ni kweli, bibi, nisamehe." Akasema, "Nimekusamehe, mwanangu, lakini njoo tena. Usije na gari tu, njoo na ukweli."

Tangu hapo nimebadili namna ya kusema. Taarifa ya msimu haisemi mvua itakuja au haitakuja. Hugawa katika mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Ikisema asilimia 50 juu ya wastani, maana yake asilimia 50 nyingine ipo kwenye mafungu mawili yaliyobaki, na anayeificha nusu hiyo anadanganya. Nami huwaeleza wanakijiji hivyo hivyo, na wanaelewa kuliko tunavyodhani maofisini. Mkulima amekuwa akicheza na uwezekano maisha yake yote. Kisha tunapanga kwa gharama. Kuzibua mitaro, kuinua ghala juu ya mawe, kuchanja mifugo dhidi ya homa ya Bonde la Ufa, ambayo baada ya mvua za 1997 iliua watu na wanyama Kaskazini Mashariki ya Kenya: haya yafanyike hata uwezekano ukiwa mdogo, kwa kuwa mvua isipokuja hujapoteza mengi. Kuuza mbuzi na kuhama ni jambo la dakika ya mwisho, linalosubiri taarifa ya siku 10 na ya siku 5.

Mkiniuliza kama mambo haya ni mapya, nitasema sivyo. Mwaka 1876 Stanley alifika mahali ambapo mto Lukuga hutoka Ziwa Tanganyika, akakuta mlango wake umezibwa na matete na udongo, maji hayatoki. Miaka mitatu baadaye, 1879, Edward Hore alifika pale pale akakuta maji yakitoka kwa nguvu kuelekea Kongo. Katikati yake kulikuwa na 1877 na 1878, El Nino kubwa pamoja na dipoli, miaka iliyoleta njaa India, China na Brazili. Na pwani ya Malindi yalitolewa matumbawe yaliyokua kwa miaka 194. Matumbawe hukua kwa pete za mwaka kama mti, na kemia ya kila pete hubeba alama ya joto la maji ya wakati ule. Uchunguzi wake, uliotolewa mwaka 2000, ulionyesha kwamba joto la bahari yetu hupanda na kushuka pia kwa vipindi vya miaka 10 na zaidi, likifuatana na Pasifiki, na kwamba juu ya kupanda na kushuka huko, bahari imekuwa ikiongezeka joto. Kwa hiyo mtu anayelima miaka 15 na kusema "hali ya hewa imebadilika" anaweza kuwa ameona wimbi moja tu la jambo refu. Au anaweza kuwa ameona badiliko lenyewe. Kuyatenganisha mawili hayo ni kazi ngumu, na walio wepesi wa kusema, kwa upande wowote, mimi siwaamini.

Masika ni kesi nyingine. Vuli hufuata bahari kwa utii. Masika haifuati hivyo, na kuitabiri miezi mitatu kabla ni vigumu mno. Kuanzia miaka ya 1980 masika ya Afrika Mashariki ilipungua kwa takribani miaka 30, ilhali mitambo ya hesabu ya dunia ilikuwa inasema mvua yetu itaongezeka. Wengi wa wataalamu wameelekeza macho kwenye kuongezeka kwa joto upande wa magharibi wa Pasifiki. Kisha masika za 2018, 2020 na 2024 zikaja na maji mengi katika sehemu kubwa ya eneo letu. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia na kuvuka kidogo alama ya 1964, alama ambayo wengi walidhani hawataiona tena maishani.

Kinyume cha dipoli kipo pia. La Nina ilikaa Pasifiki miaka mitatu mfululizo, kuanzia 2020 hadi mwanzo wa 2023, na kusini mwa Somalia, kaskazini na mashariki mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia misimu mitano ya mvua ikashindwa mmoja baada ya mwingine. Sisi tulionja kidogo tu: mwaka 2022 mto Ruvu ulipungua hata Dar es Salaam ikapata maji kwa mgawo. Mwaka uliofuata bembea ikarudi, El Nino na dipoli pamoja, na Desemba 3, 2023 tope la mlima Hanang likaifunika Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Kutoka mgawo wa maji hadi tope ni mwezi 13 hivi. Bahari ya Hindi tangu 1950 imeongezeka joto kwa takribani nyuzi 1, na hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi. Dipoli ya kesho itaanzia juu ya maji yenye joto kuliko ya 1961.

Ndugu Mwenyekiti, nimeona mkono wa saa. Nimalizie jambo la shule.

Jana nilimwomba Mwalimu wa Jiografia anionyeshe kitabu cha kipimamvua. Kipo, jalada limeliwa na mchwa kidogo. Neno "kimefurika" lipo, kwa mwandiko wangu mbaya. Nikafungua mbele nitafute 2019. Kurasa zinaishia 2004, kipimo kilipovunjika. Kwa hiyo mvua kubwa kuliko ile ya kwangu, kama ilikuwa kubwa kuliko ya kwangu, ilipita juu ya shule hii na hakuna aliyeiandika.

Darasa letu limechanga na kununua kipimamvua kipya, chupa ya kupimia mbili kwa kuwa moja itavunjika, na kitabu cha kurasa 400. Kimesimikwa leo asubuhi nyuma ya bwalo, mbali na mwembe. Ndugu Mkuu wa Shule amekubali kwamba zamu zitapangwa na wanafunzi wenyewe, Jumapili na siku za likizo zikiwamo, na wanaokaa karibu na shule watasaidia wakati wa likizo. Usomaji wa kwanza ni kesho saa 3 asubuhi. Kama ni sifuri, andikeni sifuri.